Namna ya Kukusanya Urithi wa Nyumba Yenu Unapohama Lamu

Kuondoka si jambo geni kwa Waamu, yaani watu wa Lamu. Vijana huenda Mombasa na Nairobi kwa masomo, wengine huvuka bahari kutafuta riziki katika nchi za Ghuba, binti huolewa Malindi na kuhamia kwa watu wa mumewe, mzee hupelekwa mjini kuwa karibu na hospitali, na nyumba iliyokaliwa na vizazi vitano huuzwa ili warithi wapate kugawana haki zao. Katika nyakati hizi ndipo mambo mengi ya nyumba hupotea, si kwa sababu watu hawayajali, bali kwa sababu kila mmoja ameshughulika na mizigo, na shughuli ya arusi au maziko, huku wale wajuao wakidhaniwa kwamba watakuwapo siku zote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye karibu na badiliko la namna hiyo, ambaye angependa kuondoka, kuoa, kuolewa au kuzika bila ya kuacha nyuma yale yanayomfanya ajijue kuwa yeye ni nani na ni wa watu gani.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuanza na watu, kisha karatasi, kisha nyumba yenyewe, na kumalizia na vitu. Wengi hufanya kinyume chake. Hukimbilia sinia la shaba, kiti cha enzi na picha iliyo ukutani, wakaja kumkumbuka shangazi mwisho, wakati ambapo tiketi imeshakatwa. Sinia litakuwapo mwakani, lakini kumbukumbu ya shangazi haina ahadi hiyo, na sinia lisilokuwa na mtu wa kulieleza halitofautiani na lile linaloning'inizwa dukani kwa ajili ya watalii. Tena, katika kuangalia nyumba nyingi zilizohama, nimesadiki kwamba kile kinachodumu na mtu ugenini ni kile anachojua kukitenda, kukisema na kukisimulia, zaidi ya kile alichokifunga sandukuni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kujifunza, na sehemu ndogo tu ni kufungasha.

Anza na watu

Andika kwanza majina ya wale wanaopaswa kuulizwa, na usiishie kwa mzee mmoja mwenye sifa ya kujua historia. Mzee huyo huenda ameshaulizwa mara nyingi hata maneno yake yamekuwa hotuba. Mtafute mama aliyekuwa akisimamia vyungu katika kila hitima ya ukoo, mtafute somo aliyewafunda mabinti wa mtaa wenu, fundi aliyechonga milango, nahodha aliyestaafu, na jirani wa ukuta kwa ukuta ambaye si wa damu yenu lakini ameona kila maiti ikitoka na kila bibi arusi akiingia. Jirani husema mambo ambayo jamaa huyanyamazia, nawe utahitaji kuyapima kwa busara.

Lipo jambo moja ambalo kwa kawaida hujulikana na wanawake peke yao, nalo ni habari ya kunyonyeshana. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mtoto aliyenyonyeshwa na mama asiye mama yake mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huwa ni mwana wa mama huyo kwa kunyonya, na ndugu zake wa ziwa huwa ni haramu kwake kuwaoa. Zamani, mama alipougua au alipokuwa safarini, jirani au mke wa ami alimpokea mtoto bila ya kuandika popote. Familia ikikaa mtaa mmoja, bibi atasema siku ya posa kwamba hawa wawili hawaoani. Familia ikitawanyika Mombasa, Nairobi na Muscat, hakuna wa kusema. Waulize basi akina bibi, mmoja mmoja, ni watoto gani walionyonyeshwa na nani, na uyaandike majibu katika shajara ya nasaba kwa alama yake maalumu. Nalitia uzito jambo hili kuliko mengi mengine kwa sababu halimo katika hati yoyote, na gharama ya kulikosa humwangukia mtu asiyekuwa na kosa.

Wakati mzuri wa kuzungumza ni baada ya swala ya alasiri, jua linapopoa na mzee akiwa ameshapumzika, au baada ya isha ikiwa ni mtu apendaye kukesha. Usiende na karatasi ya maswali mkononi siku ya kwanza. Nenda na kahawa na halua, amkia kwa heshima, keti chini kama wengine walivyoketi, eleza kwamba unakaribia kuondoka na ungependa kuyachukua maneno yake, kisha omba ruhusa ya kurekodi na ueleze wazi ni nani watakaosikiliza. Ikiwa mwanamume anataka habari za mambo ya ndani ya wanawake, kama vile mafundisho ya somo au nyimbo za vugo ambazo wanawake huimba arusini, ni adabu amwombe dada yake au binti yake aingie badala yake. Na mzee akisema jambo fulani lisirekodiwe, zima simu papo hapo na kuiweka mbali, mahali atakapoiona kwamba imezimwa.

Maswali makubwa huzaa majibu mafupi. Ukimwambia bibi akueleze historia ya ukoo, atakwambia kwamba walitoka Pate zamani sana na kwamba walikuwa watu wema. Uliza jambo linaloweza kuonekana kwa macho. Mjukuu akiuliza, "Bibi, usiku ule ulipotolewa kwenu kupelekwa kwa babu, mlipita wapi?" bibi hujibu, "Nalipita ndia ya nyuma, mwanangu, na somo yangu kanishika mkono," na hapo hapo huanza kutaja nyumba moja baada ya nyingine, nani alichungulia dirishani, nani alipiga vigelegele, ni mlango gani uliokuwa umefungwa kwa sababu wenyewe walikuwa na msiba. Swali moja la njia limekupa ramani ya mtaa, majina ya majirani na hali ya watu wa wakati ule. Uliza vivyo hivyo kuhusu chungu cha kwanza alichopika peke yake, nguo aliyovaa siku ya idi, chuo cha Kurani alichosomea na fimbo ya maalim wake. Baada ya kuuliza, nyamaza. Mtu mzima anapokawia kujibu mara nyingi anatafuta, na anayemwingilia kwa swali la pili humpotezea alichokuwa karibu kukipata.

Kuhusu miaka, usimlazimishe mzee akutajie tarehe. Mpe matukio ashike. Je, ilikuwa kabla au baada ya uhuru wa 1963? Ilikuwa wakati wa vita vya Shifta katika miaka hiyo ya sitini, ambapo Wabajuni wengi walihama vijiji vyao vya bara na kukimbilia Lamu, Malindi na Mombasa? Mzee Kenyatta alikuwa hai, au ilikuwa baada ya kufa kwake mwaka 1978? Ilikuwa kabla ya mvua za El Niño za 1997, au ya tsunami ya Desemba 2004? Kwa watoto wa siku hizi, kufunguliwa kwa gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu mnamo Mei 2021 kutakuwa alama ya namna hiyo. Uliza pia msimu, kwa sababu mtu wa bahari husahau mwaka lakini hasahau kama upepo ulikuwa wa kusi au wa kaskazi, na mwezi wa Kiislamu, kwa sababu aliyezaliwa Mfungo Sita hukumbukwa kwa Maulidi. Ukiunganisha tukio, msimu na mwezi, mara nyingi utaufikia mwaka wenyewe.

Simu ya kawaida yatosha kwa kurekodi. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na msemaji, katika hali ya ndegeni ili isikatizwe, uzime feni, na uchague chumba cha ndani badala ya kile kinachopakana na njia wanakopita punda na watoto. Mwanzoni taja kwa sauti jina la msemaji, jina lako, mahali mlipo na tarehe zote mbili, ya Hijria na ya miladi. Rekodi fupi za nusu saa ni bora kuliko moja ndefu, kwa kuwa mzee huchoka na kwa kuwa faili ndefu hakuna aisikilizaye. Baadaye unapoandika yaliyosemwa, andika Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kama kilivyotoka kinywani mwa msemaji. Usikisanifishe. Kiswahili sanifu watoto wako watakipata shuleni, ilhali lafudhi ya bibi yao hawataipata popote isipokuwa hapo.

Nasaba inayotumika

Nasaba nyingi za Lamu zimeandikwa kwa mstari wa wanaume peke yao, fulani bin fulani bin fulani, hadi kwa babu aliyeshuka kutoka Hadharamaut au Pate. Nasaba hiyo ina heshima yake, lakini kwa mtu anayehama haimtoshi. Andika pande zote mbili, ya baba na ya mama, na uwataje wake na mabinti kwa majina yao kamili. Kwa kuwa desturi yetu ni kumpa mtoto jina la babu au la bibi, utakuta majina yaleyale yakirudiarudia kila kizazi cha pili, na baada ya muda hakuna atakayejua Athmani yupi alijenga nyumba na Athmani yupi aliiuza. Kila jina basi liandikwe pamoja na lakabu, mtaa, kazi, na mahali mtu alipozikwa: Athmani fundi wa Mkomani, Athmani nahodha wa Langoni. Tumia penseli kwanza, kwa sababu utafuta sana.

Baada ya hapo zichukue hati za serikali na uzilinganishe na nasaba hiyo. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha nikaha na hati ya ardhi mara nyingi humtaja mtu yuleyule kwa tahajia tofauti, Swaleh hapa, Saleh pale, na pengine jina la babu limeachwa kabisa kwa kuwa nafasi katika fomu ilikuwa ya majina matatu. Wakati wote wakiwa hai jambo hili huonekana dogo. Siku ya mirathi, au siku mtoto anapoomba pasipoti, huwa kikwazo kikubwa. Rekebisha mapema, kwa hati ya kiapo mbele ya wakili pale inapotosha na kwa maombi rasmi ya kusahihisha pale inapobidi, ilhali yupo mzee anayeweza kusimama na kushuhudia kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja.

Karatasi na misahafu

Katika nyumba nyingi za visiwa hivi kuna kasha au kidaka cha ukutani chenye barua, mikataba, tendi na dua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa Kiarabu na nyingine kwa Kiswahili, na pengine msahafu ulioandikwa kwa mkono, kwani Siyu ilikuwa na waandishi mashuhuri wa misahafu. Hali yetu ya hewa si rafiki wa karatasi. Chumvi ya bahari, unyevu wa miezi ya kusi na mchwa huila taratibu, na wenyewe huja kuishtukia siku ya kuhama. Hapo ndipo mtu mwenye nia njema hufanya madhara makubwa kwa kuzibandika kwa utepe wa plastiki, au kuzipeleka dukani zikapigwe laminesheni. Mambo haya mawili usiyafanye kamwe, kwa kuwa gundi huunguza karatasi na joto la mashine hunatisha plastiki na wino, na kilichofanywa hakiwezi kutenguliwa.

Nawa mikono na uikaushe vizuri. Tandika kitambaa cheupe cha pamba karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua lisipopiga moja kwa moja, weka karatasi juu yake pamoja na rula kando ili ukubwa ujulikane, kisha piga picha ukiwa umeisimamisha simu sambamba na karatasi, bila ya mwako wa kamera. Piga pande zote mbili, hata ule unaoonekana mtupu. Katika vitabu, piga jalada, ukurasa wa kwanza na pambizo zote, kwani hapo ndipo wenyewe walipoandika kuzaliwa kwa mtoto, kufa kwa mzazi, deni, na jina la aliyekiazima kitabu. Usibadilishe mpangilio wa karatasi kabla ya kuupiga picha. Barua iliyokunjwa ndani ya kitabu fulani huenda iliwekwa hapo kwa sababu. Ukiona ukurasa umeshikana na mwingine, uache ulivyo na uombe ushauri wa watu wa Makumbusho ya Lamu.

Karatasi zenyewe zifungwe katika kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka, kisichotiwa wanga, na kuwekwa ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta wa nje. Mfuko wa plastiki uliofungwa barabara huhifadhi unyevu ndani, kwa hiyo usiutumie kwa muda mrefu. Picha ziwe na nakala tatu katika mahali patatu tofauti: moja katika simu au kompyuta yako, moja katika flashi inayokaa kwa jamaa aliyebaki Lamu, na moja katika hifadhi ya mtandaoni. Unapomtumia ndugu picha hizo kwa WhatsApp, zitume kama hati na si kama picha, kwa sababu programu hiyo hupunguza ubora wa picha na maandishi madogo huwa hayasomeki tena.

Kisha mtafute maalim anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwani watu hao wanapungua, umwombe asome kwa sauti huku ukirekodi. Msomaji mzuri atakuhakikishia pia matamshi ya maneno ambayo herufi hizo hazikuyabainisha.

Nyumba yenyewe

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu wamekaa humo bila ya kukatika kwa zaidi ya miaka mia saba. Heshima hiyo ni ya mji mzima. Habari za nyumba yenu hazimo katika orodha hiyo, na hakuna wa kuziandika isipokuwa nyinyi. Mchukue mzee mmoja, au wawili wanaopenda kubishana, na muipitie nyumba kwa mwendo wa polepole, tangu barazani hadi darini, mkirekodi.

Katika nyumba ya mawe ya zamani anzeni kwenye daka, ambapo wanaume waliketi na wageni, muingie kiwandani, yaani ua wa ndani, kwenye mwanga wa juu, mpite misana, vile vyumba virefu, mfike ndani, na nyuma yake nyumba kati. Katika kila chumba uliza ni nani alilala hapa, ni nani alizaliwa hapa, na ni nani alioshwa hapa, kwa kuwa nyumba kati kilikuwa chumba cha uzazi na pia cha kuoshea maiti. Uliza zile zidaka za chokaa zilipambwa kwa sahani na vyombo gani, na vilikwenda wapi. Angalia boriti za mikoko na uulize ni zipi zilibadilishwa, na ni fundi gani aliyefanya kazi hiyo. Kama kuna wikio juu ya njia linalounganisha nyumba yenu na ya jirani, uliza ni la nani na liliruhusiwa vipi, kwa sababu maneno hayo huwa ndiyo ushahidi pekee siku ya ugomvi. Chora ramani ya kila ghorofa kwa mkono wako, upime kwa futi ya fundi, na uandike vipimo. Mchoro mbaya wenye vipimo sahihi una faida kuliko picha nzuri mia.

Yako mambo mawili ya kisheria ambayo kila familia inayouza nyumba au kugawana vitu inapaswa kuyajua. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inaulinda mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, na inavihesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika, mbali na vitabu na hati, vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Vitu vya namna hiyo havitolewi nchini bila ya kibali. Kwa hiyo kabla hujakubali bei ya mnunuzi wa mlango, au hujafunga kijaluba cha fedha cha bibi mzaa bibi katika sanduku la kwenda Dubai, nenda kwanza ukaulize katika ofisi ya Makumbusho mjini. Ukiwa unataka kuvunja ukuta au kuongeza ghorofa katika Mji Mkongwe ili nyumba ipangishwe, ruhusa itafutwe kabla fundi hajashika nyundo.

Jambo jingine ni la mirathi. Mtu akishafariki, vitu vyake vyote ni mali ya warithi kwa mafungu yao yajulikanayo, na upendo wako kwa msahafu wa babu haukupi haki ya kuubeba. Marehemu angeweza kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa mtu asiyekuwa mrithi, na angeweza kuweka wakfu, lakini asipofanya hivyo warithi ndio wenye kauli. Ushauri wangu ni kwamba familia izungumze wakati mwenye mali yu hai. Aseme mwenyewe ni kitu gani angependa kibaki pamoja, akitoe hiba mkononi mwa mtu au akiweke wakfu mbele ya mashahidi, na jambo hilo liandikwe. Likishindikana na mzozo ukatokea, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kusikiliza mambo ya mirathi pale wote wanaohusika wakiwa Waislamu na wakikubali kwenda mbele yake, kama Katiba ya 2010 inavyoeleza katika kifungu cha 170. Zamani wazazi wa Lamu walikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba, au sehemu ya nyumba, anapoolewa, hata mume ndiye akahamia kwake, na pale desturi hiyo ilipofuatwa kwa hati, wanawake wa ukoo hawakuachwa bila ya kwao. Naona inafaa kurejewa.

Cha kuchukua na cha kuacha

Sasa ndipo yanapokuja mafungasho. Usiivue nyumba nguo zake. Kitu kikubwa kinachojulikana na ukoo mzima kibaki kwa mwenye kubaki, nawe uchukue kile utakachokitumia kwa mkono wako kila wiki au kila mwezi: mbuzi ya kukunia nazi, chetezo cha kufukizia udi, leso moja ya mama, kofia ya vito kwa ajili ya Ijumaa.

Zaidi ya hivyo, jifunze kazi tatu au nne kabla ya kuondoka, kwa kuzifanya wewe mwenyewe huku mjuzi akikutazama. Mapishi ndiyo rahisi kuanzia. Mama akikwambia utie tui kiasi, mwombe amimine kwanza katika kikombe chako, ukiandike kipimo hicho, kisha ndipo amimine chunguni. Uliza pia kitakachobadilika ugenini. Samaki wa kupaka hupikika popote penye makaa na nazi, lakini mkate wa mofa unataka mofa yake, tanuri la udongo, na ni afadhali kuujua ukweli huo mapema kuliko kujaribu katika oveni ya Nairobi na kuukatia tamaa upishi wote. Kofia ya vito hushonwa kwa miezi, na kijana aliyejifunza kuishona ana kazi ya mikono itakayomliwaza katika chumba cha kupanga Eastleigh, Nairobi, na ana kitu cha kumpa mwanawe. Dua za hitima, kasida mbili tatu za Maulidi ambazo husomwa nyumbani kwenu, na namna ya kumpokea mgeni mlangoni, haya nayo ni ya kujifunza kwa kufanya.

Ukifika uendako, sema Kiamu nyumbani bila ya kuona haya. Watoto watajibu kwa Kiswahili cha Nairobi au kwa Kiingereza, nawe uendelee. Weka siku moja ya wiki ya kumpigia bibi simu, na mtoto ndiye azungumze, awe na jambo la kumwuliza: bibi, leo bahari ikoje, nani amekuja kukutazama, mbaazi za nazi hutiwa nini mwanzo? Mtoto anayeuliza hujibiwa kwa namna ambayo mtu mzima hajibiwi.

Anayeoa au kuolewa na mtu asiyekuwa wa visiwani ana kazi ya ziada, nayo ni kueleza. Kaeni pande mbili kabla ya arusi mkubaliane ni sherehe zipi zitafanywa kwa ukamilifu, ni zipi zitafupishwa na ni zipi zitaachwa, kila upande ukitaja zile ambazo kwao haziachiki. Hina, piko na vugo ya akina mama hukubaliwa kwa urahisi na watu wa nje. Fungate ya siku saba huwa ngumu kwa watu wa kazi za ofisi, na hakuna haja ya kugombana kwa ajili yake.

Kuhusu kufiwa, nina maneno machache. Siku za mwanzo si siku za kukusanya chochote. Mjane aliye katika eda ana miezi minne na siku kumi za kutulia, na katika kipindi hicho watu huja na kuondoka na mazungumzo hugeuka yenyewe kuwa kumbukumbu za marehemu. Akitaka kusema, msikilize, na ukumbuke kuandika ukifika nyumbani kwako. Usimtolee simu usoni. Nguo za marehemu zisigawanywe kwa haraka na watu wenye nia ya kumsaidia mjane asizione, bila ya yeye na warithi wenzake kuulizwa, kwani mara nyingi katika mifuko na chini ya nguo hizo huwa kuna karatasi, hirizi, funguo na tasbihi ambazo yeye peke yake ndiye ajuaye habari zake.

Kazi hii hurudiwa. Wakati mzuri wa kuirudia ni Maulidi ya Mfungo Sita, ambapo waliotawanyika hurudi Lamu na msikiti wa Riyadha hujaa wageni. Njoo na nasaba iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa, itandike sakafuni baada ya chakula, uweke penseli kadhaa juu yake, na uwaache wazee na watoto waisahihishe pamoja. Wazee watabishana kuhusu jina la mke wa pili wa fulani, na ubishi huo urekodiwe. Waliozaliwa ugenini tangu Maulidi yaliyopita waongezwe, waliofariki waandikiwe mahali walipozikwa, na nakala iliyosahihishwa ikabidhiwe kwa yule jamaa aliyebaki Lamu mwenye flashi na sanduku la karatasi, ikiwa na tarehe na majina ya waliokuwapo. Nakala ya mwaka uliotangulia isitupwe, kwa sababu kilichofutwa mwaka huu huenda kikathibitishwa na mtu mwingine mwaka ujao.